Kabla ya Mgeni wa Kwanza

Katika kazi yangu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata: mpamba maua hutoka kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Hutoka kwa mlango wa pembeni, na ndoo yake, na mkasi wake, na mfuko wa majani aliyoyakata, na sakafu aiache kavu kana kwamba hakupita mtu. Wageni wakishakwenda zao, anarudi kwa mlango ule ule kuyaondoa maua. Nimeifanya kazi hiyo Brussels miaka mingi. Nimepamba harusi za kifalme, ubatizo wa kifalme, karamu za marais na mabalozi, na sijawahi kuona hata sherehe moja kati ya hizo ikiendelea. Watu wakisikia wanadhani ni mzaha. Wallahi sitanii.

Mimi ni mtu wa Tanga. Maua niliyajua kwa pua kabla sijayajua kwa macho. Shangazi yangu alikuwa akitengeneza vikuba, vile vifurushi vidogo vya asumini, rehani na mkadi ambavyo wanawake hubandika kifuani wakienda harusini, na mimi ndiye niliyekuwa namchambulia asumini. Kwetu ua lisilonukia ni jani lenye rangi, basi. Nilipoanza kazi kwenye karakana ya maua ya mtaa wa Koekelberg, karibu na lile kanisa kubwa lenye kuba la kijani, jambo la kwanza bosi wangu alilonifundisha ni kwamba mezani kwa mfalme ua halitakiwi linukie, kwa sababu litagombana na chakula. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa mzee wa Kibelgiji, mwembamba, mwenye adabu za kukutoa jasho. Alinifundisha kunyofoa ule unga wa manjano ulio ndani ya malili, ua moja baada ya jingine, maana ukidondokea shela la bibi harusi hautoki tena. Alinifundisha kwamba maua ya mezani yawe chini ya kidevu au juu ya utosi, watu waliokaa wapate kuonana. Shada la bibi harusi tulilitengeneza mara mbili, mapacha, moja la kushikwa na jingine la kungoja kwenye sanduku lenye ubaridi, likitokea la kutokea. Na kunyamaza alinifundisha. Hakuna picha, hakuna kumhadithia jirani, hakuna kusema kesho nina kazi mahali fulani. Nikaapa.

Miaka ikapita, mikono yake ikaanza kutetemeka, akaniachia mimi kubuni. Harusi ya kwanza ya kifalme niliyoibuni mwenyewe niliitaka ya matawi ya mtofaa yaliyochanua, ya kweli, marefu, yapande pande zote mbili za mlango wa kanisa kuu mpaka mtu ajihisi anaingia shambani. Mzee akasema matawi yatadondosha petali kwenye zulia. Nikamwambia na yadondoshe, zulia likipata petali litakufa? Akanitazama, akasema sawa, madame. Ndani kabisa ya shada nikachomeka kijiti kimoja cha asumini. Shada si meza, na bibi harusi ana pua kama mtu mwingine.

Tulimaliza asubuhi. Nikasimama katikati ya kanisa lile, viti vitupu, maua yangu kila upande, na sikuwa na mtu wa kumgusa bega nimwambie tazama. Kisha bwana mmoja mwenye suti nyeusi akaja akaniambia kwa upole, par ici, madame, yaani pitia huku. Nikaingia mlango wangu wa pembeni. Huko nje watu walishajipanga barabarani na bendera ndogo ndogo, nikawapita na ndoo yangu nikielekea kwenye tramu, na mama mmoja akanikemea eti namzibia.

Nilikuwa naishi Ganshoren. Ni mahali pazuri pa kuzeekea, kimya, miti, watu wanasalimiana kwa kichwa. Nilikuja Ubelgiji kwa ajili ya mume, ndoa ikafa kifo chake, mume akahamia kusini, mimi nikabaki na nyumba ya vyumba viwili. Watoto hatukujaaliwa. Jumapili ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Nilikuwa naongea na birika. Namwambia birika, haya mwenzangu, chemka basi, na sauti yangu mwenyewe inanishtua. Ikafika mahali nikawa naota kwa Kifaransa. Hilo liliniudhi sana, maana ndotoni alikuja marehemu mama yangu akinisemesha Kifaransa, lugha ambayo hakujua hata salamu yake. Upweke nimeujua. Asiyeujua asinihadithie.

Shoga yangu nilimpata kwa tusi. Zamani, kabla sijapewa kazi za sherehe, nilikuwa natumwa mtaa wa Ulaya, kule kwenye maofisi makubwa ya Umoja wa Ulaya karibu na stesheni ya Schuman, kubadilisha maua ya mapokezi asubuhi kabla wakubwa hawajafika. Siku hiyo chombo kikaniponyoka, maji yote yakanimwagikia miguuni, nikakitukana tusi la Tanga ambalo siliandiki hapa. Nyuma yangu mtu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ee maman! Ile kintu ilikukosea nini?"

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, sare ya bluu ya wasafishaji, ufagio mkononi. Mtu wa Lubumbashi. Nilimkumbatia na maji yangu yote, mtu nisiyemjua. Akasema Kiswahili changu ni cha kanisani, cha kusomwa na mapadri. Nikamwambia chake kimegongwa na treni. Tangu siku hiyo Jumapili zikawa zetu. Akija kwangu napika wali wa nazi, nikienda kwake anapika bukari, ndio ugali wao, na sombe, ndicho kisamvu, na tunabishana kutwa nzima. Yeye mjane, mimi nimeachika. Yeye Mkatoliki wa kukesha, mimi mwana wa madrasa. Kile kiapo changu cha kunyamaza nilimvunjia yeye peke yake. Kila nilipokuwa na kazi kubwa nilimwambia, na yeye alitikisa kichwa.

"Dada, unapikia bantu chakula na haukulake," alikuwa akisema. Nikamjibu kwamba kuwapikia watu bila kula ndiyo kazi.

Kisha, jamani, akapata mchumba. Mkongo wa huko Kanada, naye mjane, waliyejuana kwenye msiba wa mtu. Bwana mpole, kicheko kikubwa, ndugu tele. Harusi ingefanyika Brussels, halafu wangekwenda kuishi Montréal. Alinieleza haya akiwa anasonga bukari, mgongo amenipa, na mimi nikasema hongera, hongera sana, moyo ukiwa umeshuka mpaka kwenye kandambili. Nilifurahi kwa ajili yake. Pia nililia nilipofika nyumbani, na nililia kwa ajili yangu.

Ndugu zake wa Lubumbashi waliomba viza, wakanyimwa wote. Upande wa bwana harusi ungejaza ukumbi, upande wake hakuna hata mmoja. Akaja Jumapili moja akakaa kitako mbele yangu, hana mzaha usoni.

"Dada, njo weye famille yangu. Utaingia na miye mu salle, mukono ku mukono. Utaikala pa table ya famille. Sitaki kuingia pekee kama mutoto wa kuokota."

Nikamwambia nitaingia naye ukumbini, nikae meza ya familia. Akasema niape. Nikaapa. Akanitazama kama mtu asiyeamini sana, maana alinijua. Alijua kwamba mimi watu wakianza kujaa mahali nafsi yangu inatafuta mlango.

Na maua, akasema, nitampambia mimi. Kwa hilo sikuhitaji kuombwa, nilishaanza kubuni kichwani tangu kwenye bukari. Nikamwambia nitamtafutia mawaridi ya rangi ya krimu, na matawi marefu, na...

"Bon, dada. Mi nataka ya plastique."

Nilidhani sikusikia vizuri. Plastiki! Mimi! Mikono hii iliyoshika maua ya malkia! Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikamwambia maua ya plastiki ni ya kwenye kioo cha kinyozi. Akaniacha nimalize, akanywa chai yake, kisha akaeleza kwa utulivu kwamba kwao maua mabichi mtu humpelekea maiti. Alimzika mume wake na maua mabichi, akayaona yananyauka juu ya udongo, na hataki kuyaona tena kwenye meza ya harusi yake.

"Ya kwako njo ya muzuri, mais inakufa lundi," akasema, maana yake yangu ni mazuri lakini Jumatatu yameshakufa.

Kipenda roho hula nyama mbichi. Nikanuna wiki nzima, kisha nikaenda kununua maua ya plastiki, nimeinamisha kichwa dukani nisionwe na mtu wa fani. Niliyafanyia kazi kama ya ikulu. Nilinyoosha kila petali kwa mvuke wa lile birika langu, nikapunguza mng'ao kwa unga kidogo, nikakunja mashina kwa waya, maana ua la kweli halisimami wima kama askari. Shada nikalipima mkono usichoke. Ya mezani nikayaweka chini ya kidevu. Nilipomaliza nikayatazama na, Mungu nisamehe, yalipendeza.

Siku yenyewe nilifika ukumbini asubuhi, palepale Koekelberg, kwenye ukumbi wa kukodi wenye taa za rangi na jiko nyuma. Nilikuwa na ndoo ingawa hapakuwa na maji ya kubeba. Nilikuwa na mfuko wenye kitenge changu, kile cha familia ya bibi harusi alichokinunua yeye, kimeshonwa tayari, na viatu vya kisigino. Nikauweka mfuko chini ya meza ya familia ili nibadili nikimaliza. Simu nikaizima sauti, ndiyo desturi. Nikapamba. Sherehe ilikuwa ianze saa tisa baada ya kutoka kanisani, na mimi kanisani sikwenda kwa sababu maua yalikuwa hayajaisha. Ilipokaribia hiyo saa tisa nikasikia honi mtaani, magari mengi yakipiga honi pamoja, na sauti za wanawake kwenye ngazi.

Nikaokota vipande vya waya. Nikafagia. Nikaweka mkasi ndani ya ndoo, nikapita jikoni, nikafungua mlango wa nyuma, nikatoka.

Hivyo tu. Sikuwaza kitu. Kichwani nilikuwa na ule utulivu wa kila mara, wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Nikapanda tramu. Nikashuka Ganshoren, nikapanda ngazi, nikavua viatu, nikaweka birika. Nikakumbuka kwamba nina kitenge cha kupiga pasi mahali fulani. Nikageuka kukitafuta, na hapo ndipo nilipokumbuka kilipo.

Nikakaa kwenye sakafu ya jiko. Sikuwa nimemkimbia shoga yangu, miguu yangu ilinitoa yenyewe, kwa mazoea, kama ng'ombe anavyorudi zizini. Lakini nani angeniamini? Nikatazama simu. Alikuwa amepiga, amepiga tena, amepiga tena. Na nitasema kweli yote: wazo la kwanza lililonijia ni kubaki palepale. Niseme naumwa tumbo. Ukumbi utakuwa umeshajaa, watu watageuka wanitazame, mimi na suruali yangu ya kazi. Nyumbani palikuwa kimya na birika lilikuwa linaanza kuimba. Nilikaa pale sakafuni nikiogopa watu wa karamu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu Brussels.

Simu ikawaka tena mkononi. Nikapokea.

"Uko wapi?"

"Nimerudi nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Nilimaliza kazi," nikasema. Jibu la kijinga, lakini ndilo lililokuwepo.

Nyuma yake nikasikia muziki, na mwanamume akiuliza kitu kwa Kilingala. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ndogo, si sauti yake ya siku zote.

"Kazi? Dada, nani alikuita ku kazi? Nilikuita ku harusi." Kisha akasema, "Mi niko mu voiture. Siingie. Bantu bote beko mule ni ba bwana. Kuya."

Yumo garini, hataingia bila mimi, nije. Nilitafuta teksi na miguu ndani ya viatu ambavyo sikuvifunga. Njiani nilimsihi dereva akimbize, naye akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema ndiyo, mimi.

Alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lililopambwa utepe, gauni limejaa mpaka madirishani, mikono ameikunja kifuani juu ya shada langu la plastiki. Bwana harusi alikuwa amesimama nje anawapoza wajomba zake. Nikafungua mlango wa gari nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kiganja. Kisha akanitukana. Alinitukana kwa Kiswahili chake, kwa Kilingala, kwa Kifaransa, mbele ya wajomba, akasema nina kichwa cha mbuzi, akasema nitamuua kwa presha, na machozi yanamtoka na wanja unashuka. Nikamfuta kwa mkono wa shati langu. Mtu akatuletea mfuko wangu. Kitenge nikakivaa palepale kando ya gari, juu ya suruali ya kazi, wanawake wawili wa upande wa bwana wamenizungushia khanga zao nisionekane.

Tukaingia mkono kwa mkono. Mlango mkubwa, ule wa mbele. Watu wote wakasimama, muziki ukapanda, wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akanibana vidole mpaka vikauma kana kwamba bado nitachomoka. Wale watu hawakunijua, na walikuwa wakinishangilia mimi pia. Nilicheza, mimi nisiyejua kucheza. Bibi mmoja mezani akashika ua mbele yake akaniuliza kwa Kifaransa ni la kweli au la, nikamwambia alinuse. Akalinusa, akacheka, akanimiminia soda.

Nilipokaa ndipo nilipoona jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kuliona. Maua yakiwa mezani, watu wakiwa wamekaa, yanapotea. Mtu anaegemea upande huu amsikie mwenzake, mwingine ananyoosha mkono juu yake kuchukua pilipili, mtoto anasinzia shavu lake likiwa juu ya petali, na hakuna anayeyatazama. Ndivyo yanavyotakiwa yawe. Sikuudhika hata kidogo. Nilikaa mpaka wakaanza kukunja viti.

Walisafiri wiki iliyofuata. Uwanja wa ndege nilimpeleka mimi, tukacheka sana, tukaepuka kutazamana. Jumapili ya kwanza nilipika wali wa nazi wa watu wawili kwa kusahau. Ya pili sikupika.

Baadaye kidogo ikaja harusi nyingine ya kifalme, na mzee akiwa ameshastaafu, nikaibuni yote peke yangu. Sitaisimulia sana. Ilikuwa nyeupe na kijani, na nilijipita mwenyewe. Asubuhi ile tulipomaliza, bwana mwenye suti nyeusi, mwingine, kijana zaidi, akaja akasema par ici, madame. Nikachukua ndoo. Mara zote nilikuwa nikitoka bila shida, nikiwa na ule utulivu wangu. Safari hii nilisimama. Nilivitazama vile viti nikajua sasa vitakuwaje saa moja baadaye, nani ataegemea wapi, nani atafuta machozi, vigelegele vyao wao vinafananaje. Nilitamani kukaa kwenye kiti chochote, hata cha nyuma ya nguzo. Kijana akarudia, madame. Nikatoka.

Jioni simu ikalia. Alikuwa yeye, kutoka Montréal. Hakunisalimu.

"Niliangaria yote pa télé, tangu mwanzo," akasema. "Maua niliona, muzuri sana. Mais weye, dada? Nilitafuta sura yako. Nilitafuta, nilitafuta, bwana akasema acha, haiko. Nikamwambia ngoja, itatokea."

Nikamwambia nilikuwa nimeshatoka.

"Ah," akasema.

Nilikuwa nimesimama jikoni, koti langu bado mwilini, nalia, na sikumficha. Mamilioni ya watu waliitazama harusi ile, na mmoja kati yao, mbali huko ng'ambo ya bahari, alikuwa amekaa mbele ya televisheni kutwa nzima akinitafuta mimi.